Uzi: Ghorofa likishajaa watu, landilodi ni nani?

Kila msimu wa siasa, nyumba hurudi jukwaani. Huyu anasema zitajengwa laki ngapi kwa mwaka. Yule anauliza ile asilimia 1.5 ya mshahara inaenda wapi. Wa tatu anataka kujua nani atapewa funguo na nani ataambiwa jina lake halikutokea. Maswali ya maana, sina shida nayo. Lakini kuna moja silisikii sana: watu wakishaingia, miaka ikapita, rangi ikabanduka, nani ndiye landilodi wa hilo ghorofa? Na kanuni mpya za usalama zikija, zitamkuta anajua nini kuhusu jengo lake?

Leo nawapa historia ya nchi iliyolijibu swali hilo kwa kuchelewa: Uingereza. Sitaji chama wala mwanasiasa, wa huko wala wa hapa. Nimechagua huko kwa sababu kanuni zetu za ujenzi za 1968, ambazo tuliishi nazo miaka 57, ziliandikwa kwa mtindo wao. Halafu huko landilodi mkubwa wa watu wa kipato cha chini alikuwa serikali yenyewe, na ndiko tunakoelekea sisi. Vuta kiti, uzi ni mrefu.

Tuanze na neno lenyewe. Huko wana kitu kinaitwa nyumba za kijamii. Usifikirie ni za bure. Ni nyumba za kupangisha kwa kodi ya chini kuliko ya soko, na mwenyewe ni halmashauri (sema kanjo) au shirika la nyumba lisilotafuta faida. Kama ulikulia Kaloleni, Ziwani, Bahati ama Jericho, hiyo habari unaijua: landilodi ni kanjo, na bomba likipasuka unaandikia ofisi barua, hakuna mtu wa kumpigia.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia halmashauri za Uingereza zilijenga mbio mbio. Miji ilikuwa imepigwa mabomu, na mitaa mingi ya zamani haikufaa binadamu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970, karibu familia moja kati ya tatu ilikuwa inaishi kwenye nyumba ya halmashauri. Na siasa ilitia mkono: sheria ya ruzuku ya 1956 ilifanya serikali kuu iilipe halmashauri pesa zaidi kwa kila nyumba kadiri jengo linavyopanda juu. Sasa niambie, ungekuwa diwani na una foleni ya watu wanangoja nyumba, ungejenga ghorofa mbili?

Wakapanda juu. Na ili wamalize haraka, wakaacha kumwaga zege palepale kwenye mjengo. Kuta nzima zilitengenezwa kiwandani, zikabebwa kwa lori, zikanyanyuliwa kwa winchi na kupangwa moja juu ya nyingine kama karata. Ukuta wa juu unabebwa na ukuta wa chini. Hakuna nguzo.

Tarehe 16 Mei 1968, mashariki mwa London, jengo la aina hiyo linaloitwa Ronan Point, ghorofa 22, lilikuwa na wapangaji walioingia miezi miwili tu iliyopita. Asubuhi mapema, kabla ya saa kumi na mbili, mpangaji mmoja wa ghorofa ya 18 aliwasha kiberiti achemshe chai. Gesi ilikuwa imevuja. Mlipuko wenyewe haukuwa mkubwa sana. Yule aliyewasha kiberiti alipona. Lakini ulisukuma ukuta wa nje ukatoka, na kwa sababu ukuta huo ndio ulikuwa umebeba wa juu yake, ghorofa za juu zikaanguka, na uzito wake ukashuka na kona nzima ya jengo hadi chini. Watu 4 walikufa. Wengi bado walikuwa vyumba vya kulala, na kilichoanguka zaidi ni sebule. Saa mbili baadaye tungekuwa tunahesabu vingine.

Uchunguzi ulifanywa na ripoti ikatoka mwaka huohuo. Kufikia 1970 kanuni zilikuwa zimebadilishwa: jengo la ghorofa tano kwenda juu lazima lijengwe kwa namna kwamba sehemu moja ikiharibika, lisiporomoke lote. Na kwa majengo ambayo tayari yalikuwa yamejaa watu, halmashauri ziliambiwa ziyaimarishe au ziondoe gesi.

Kanuni nzuri kabisa. Ishike hiyo, maana tutairudia.

Ronan Point lilitengenezwa na watu wakarudi kuishi humo. Lilipobomolewa mwaka 1986, walilifungua kipande kwa kipande ili waone ndani. Kwenye maungio ya kuta, pale palipotakiwa zege, walikuta magazeti yamesindikwa. Fundi alikuwa na haraka, msimamizi hakuangalia, na karatasi zikapakwa saruji juu. Miaka 18 landilodi alikuwa anakusanya kodi juu ya magazeti.

Sasa ruka hadi 2017, mtaa wa Ledbury, Peckham, kusini mwa London. Minara minne ya halmashauri, teknolojia ileile ya kuta za kiwandani. Wapangaji wamelalamika miaka kuhusu nyufa. Wengine walikuwa na nyufa za kupitisha mkono. Wataalamu wakaletwa. Wakagundua kwamba kazi ya kuimarisha iliyotakiwa baada ya Ronan Point, ambayo kila mtu aliamini ilifanywa, huenda haikuwahi kufanywa, na gesi ilikuwa bado inaingia. Agosti 2017 gesi ikakatwa na wapangaji wakaletewa vijiko vya umeme vya kupikia.

Karibu miaka 50! Kanuni ilikuwepo. Halmashauri ilikuwepo. Kilichokosekana ni faili: karatasi moja inayosema jengo hili liliimarishwa tarehe fulani, na fulani, kwa nondo hizi. Ofisi zilihama, wahandisi wakastaafu, na kila aliyeingia akaamini aliyemtangulia alifanya. Kwangu hicho ndicho kiini cha hadithi yote hii, kuliko hata mlipuko.

Lakini Ledbury haikukaguliwa mwaka huo kwa bahati. Ilikaguliwa kwa sababu ya jambo lililotokea miezi miwili kabla. Na hilo nalo lilikuwa na onyo lake.

Tarehe 3 Julai 2009, Lakanal House, jengo la ghorofa 14 la halmashauri huko Camberwell. Televisheni mbovu ilishika moto ghorofa ya tisa. Hapa lazima nieleze kitu. Huko, kwenye majengo marefu, wapangaji huambiwa: moto ukizuka kwa jirani, wewe funga mlango na ukae ndani. Si ujinga. Kila nyumba imezungukwa na zege na mlango wa kuzuia moto, kwa hiyo moto unatakiwa ubaki ulipoanzia hadi wazima moto wafike. Lakini hesabu hiyo inasimama tu kama hakuna mtu amebadilisha kuta na milango tangu mjenzi aondoke. Lakanal ilikuwa imebadilishwa. Mabamba yaliyowekwa chini ya madirisha wakati wa ukarabati hayakuhimili moto. Watu 6 walikufa, watatu wao watoto, mmoja wa wiki chache tu. Waliokuwa wamepiga simu kuomba msaada waliambiwa wakae ndani.

Mwaka 2013 jaji aliyechunguza vifo hivyo aliiandikia serikali kwamba mwongozo wa kanuni za moto ni mgumu kueleweka na urekebishwe. Serikali ikajibu kwamba itaupitia. Hadi Juni 2017 haikuwa imemaliza kuupitia.

Grenfell Tower, magharibi mwa London. Ghorofa 24, ngazi moja tu, lilikamilika 1974. Mwenyewe ni halmashauri ya mtaa ambao una matajiri wakubwa wa Uingereza, lakini usimamizi ulikuwa kwa kampuni iliyoundwa mahsusi, ambayo kwa jina ilikuwa ya wapangaji. Ukiuliza landilodi ni nani, unaona tayari kuna majibu mawili.

Ukarabati ulimalizika 2016. Jengo likavishwa nguo mpya: mabamba ya kufunika ukuta wa nje, ili pasiingie baridi na pia lipendeze machoni. Mpango wa kwanza ulikuwa mabamba ya zinki. Ili kuokoa takriban pauni 293,000, wakachukua aina nyingine: alumini nyembamba huku na huku, katikati plastiki. Plastiki ileile unayoijua. Nyuma yake wakaweka foamu ambayo nayo inawaka. Wakaguzi wa ujenzi wa halmashauri hiyohiyo wakatia sahihi kwamba kazi iko sawa. Yaani mwenye nyumba na mkaguzi wa nyumba walikuwa ofisi moja.

Na wapangaji walikuwa wamesema. Kikundi chao kiliandika wazi, Novemba 2016, kwamba ni janga kubwa tu la watu kufa litakalowafanya wasimamizi wafichuliwe walivyo. Uchunguzi baadaye ulionyesha kwamba wasimamizi waliwaona baadhi ya wapangaji kama wachochezi. Hilo jina mnalijua hapa kwetu pia.

Usiku wa 14 Juni 2017, kabla ya saa saba, friji ilishika moto ghorofa ya nne. Wazima moto walifika haraka na kuuzima jikoni. Lakini ulikuwa umeshatoka dirishani na kushika ile nguo. Ulipanda hadi juu kwa chini ya nusu saa, ukazunguka jengo. Milango mingi haikuwa na kifaa cha kujifunga chenyewe kinachofanya kazi, basi moshi ukajaa kwenye ngazi ile moja. Amri ya kukaa ndani ilibadilishwa saa 8:47 usiku, karibu saa mbili baada ya simu ya kwanza. Watu 72 walikufa, wengi wao familia za wahamiaji, kutoka Moroko, Ethiopia, Sudan, Eritrea, Bangladesh na kwingineko.

Uchunguzi uliongozwa na jaji mstaafu, Sir Martin Moore-Bick, na ripoti ya mwisho ilitoka Septemba 2024, kurasa karibu 1,700. Ilisema vifo vyote vingeweza kuepukwa. Ilitaja watengenezaji walioficha matokeo ya majaribio ya bidhaa zao, serikali kuu iliyopuuza maonyo, wasanifu, wakandarasi, halmashauri. Kila mmoja alipofika mbele ya tume alionyesha kidole kwa mwingine. Ukisoma, unachoka.

Sasa ndipo tunafika kwa kanuni mpya zenyewe. Baada ya moto, mhandisi Dame Judith Hackitt alipewa kazi ya kuangalia mfumo wote, na Mei 2018 akatoa ripoti. Angeweza kusema tu, pigeni marufuku plastiki. (Serikali ilipiga marufuku vifaa vinavyowaka kwenye kuta za nje za majengo marefu ya makazi mwisho wa mwaka huo.) Yeye alichimba chini zaidi: akasema hakuna anayejua nani anawajibika kwa jengo, na habari za jengo zinapotea njiani kutoka kwa mchoraji hadi kwa keyateka. Akataka kila jengo refu liwe na kumbukumbu moja isiyokatika, tangu mchoro wa kwanza. Wanaiita uzi wa dhahabu. Si uzi kama huu wetu, lakini umeshika wazo.

Ndiyo ikazaa Sheria ya Usalama wa Majengo, iliyopitishwa 28 Aprili 2022. (Hapa naongelea England, Scotland na Wales wana utaratibu wao.) Kila jengo la makazi la mita 18 au ghorofa saba kwenda juu lina Mwajibikaji Mkuu, yaani shirika au mtu anayejulikana kisheria kuwa ndiye. Alitakiwa asajili jengo lake kwa mdhibiti mpya kabla ya Oktoba 2023, na kutosajili ni kosa la jinai. Anatakiwa aandike ripoti inayoeleza hatari ya moto na ya kuporomoka katika jengo lile hasa, na anafanya nini kuizuia. Anatakiwa awe na mpango wa maandishi wa kuwashirikisha wapangaji, na njia ya kupokea malalamiko yao. Kanuni nyingine za moto, zilizoanza Januari 2023, zinataka milango ya moto ya sehemu za pamoja ikaguliwe kila miezi mitatu katika majengo ya zaidi ya mita 11, na kwenye marefu kuwe na sanduku lenye michoro ya jengo ambalo wazima moto wanaweza kulifungua.

Kwa karatasi, rahisi. Kwa malandilodi wa nyumba za kijamii, ilikuwa kazi ya jasho. Mdhibiti anauliza: ukuta wako umejengwa na nini? Landilodi anafungua kabati, hakuna kitu. Jengo lilijengwa na halmashauri miaka ya 1960, likahamishiwa shirika la nyumba miaka ya 1990, shirika likaungana na lingine, na michoro ikabaki kwenye sanduku fulani, basement fulani. Ikabidi watoboe kuta na kufungua dari, nyumba kwa nyumba, wajue wanamiliki nini. Mahali pengine, wakingoja mabamba yaondolewe, walilipa masoja kutembea kwenye korido usiku na mchana wakinusa moshi. Si utani, ni kazi halali ya mtu.

Na pesa? Serikali ilitenga pauni milioni 400 mwaka 2018 kuondoa mabamba ya aina ya Grenfell kwenye nyumba za kijamii, lakini majengo yalikuwa na shida zaidi ya hiyo aina moja. Sehemu kubwa ya kilichobaki ilitoka kwa kodi ya wapangaji, kwa sababu huo ndio mfuko mkuu wa shirika lisilo la faida. Pauni iliyoenda ukutani haikwenda kutengeneza jiko wala kujenga nyumba mpya. Wanaolalamika kwamba kanuni zimepunguza kasi ya ujenzi wana hoja: ukitaka kufanya kazi kubwa kwenye jengo refu lazima mdhibiti akubali kwanza, na wengi walingoja miezi mingi kupita muda uliowekwa na sheria. Mimi nasema kungoja huko kumeletwa na kukosa wakaguzi wa kutosha, na dawa yake ni kuajiri wakaguzi. Wengine wanasema tulegeze kanuni. Huo ndio mjadala wao wa sasa, na utaletwa hapa siku si nyingi, kwa hiyo ujue ulikotoka.

Kuna kifo kingine kilichobadilisha sheria bila moto wala mlipuko. Desemba 2020, Rochdale, mtoto wa miaka miwili aliyeitwa Awaab Ishak, wazazi wake kutoka Sudan, alikufa kwa sababu ya ukungu uliojaa kwenye nyumba ya shirika. Baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017. Sheria inayoitwa kwa jina lake ilianza kutumika Oktoba 2025: hatari ya dharura landilodi wa kijamii aishughulikie ndani ya saa 24, unyevu na ukungu mkubwa achunguze ndani ya siku 10 za kazi, kisha aondoe hatari ndani ya siku 5 za kazi. Angalia jinsi ilivyoandikwa. Haisemi "haraka iwezekanavyo." Inahesabu siku.

Turudi nyumbani. Mwaka 2016, wakati Grenfell inamaliziwa kuvishwa, sisi tulikuwa Huruma. Usiku wa 29 Aprili, mvua kubwa, jengo la makazi karibu na mto likaporomoka na kuua takriban watu 50. Halikuwa na kibali. Lilikuwa limeshawekewa alama ya kubomolewa. Watu walikuwa bado wanalipa kodi.

Tangu hapo tumepata Kanuni za Taifa za Ujenzi za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025 na kuzistaafisha zile za 1968. Tuna Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, ambayo yenyewe inataja nyumba za kijamii, za watu wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Na tuna sheria ya 2020 ya umiliki wa nyumba za ghorofa, inayosema wenye nyumba kwenye jengo moja wanaunda shirika lao, na hilo ndilo linashika paa, ngazi, lifti na mabomba.

Hebu iweke kwenye jengo halisi. Ghorofa la serikali, familia mia na zaidi. Kila mmoja analipa kidogo kidogo hadi nyumba iwe yake. Mkandarasi akishakabidhi funguo, ameenda. Lile shirika la wenye nyumba ni mama wa mboga, mwalimu wa chekechea, dereva wa matatu na kijana wa bodaboda. Nani amewapa michoro? Watajuaje ukuta upi umebeba jengo na upi ni wa kugawa vyumba tu, siku mtu wa chini atakapotaka kutoboa afungue duka? Mfuko wa lifti unaanza na shilingi ngapi? Na wale wa nyumba za kijamii wanaolipa kodi, barua yao inaenda kaunti, wizarani, ama kwa shirika la nyumba?

Siku ya kukabidhi funguo huwa na hema, bendi na kamera. Michoro, vyeti vya majaribio ya zege, orodha ya milango ya moto, namba ya aliyeweka nyaya za stima: hivyo vyote vinatoshea kwenye faili moja na vingeweza kukabidhiwa pamoja na funguo, siku hiyohiyo. Ni wakati rahisi kuliko wote, kwa sababu kila mhusika bado yuko na bado anadai malipo yake ya mwisho. Miaka kumi baadaye utalipa mtu atoboe ukuta.

Kwa hiyo akija mgombea mtaani kwako na namba zake za nyumba, wa upande wowote, muulize ghorofa likikamilika faili linakaa kwa nani. Akisema "ofisi husika," muulize jina la ofisi.

Huko England, sheria sasa inataka notisi ya Mwajibikaji Mkuu na cheti cha tathmini ya jengo vibandikwe mahali ambapo kila mpangaji anaviona. Kwetu, ukutani pale getini kuna namba ya keyateka, tangazo la nyumba iko wazi, na mara nyingine ile X nyekundu.